Spika za Kusikilizwa kwa Mbali

Bodi la gari lile bado lipo nyuma ya nyumba ya mdogo wangu, pale Somanda. Kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva, na wajukuu zake wamelirukia juu mpaka paa limebonyea. Mimi nikienda kuwatembelea nalipitia kwanza, nalipapasa ubavu, ndipo nagonga mlango kusalimia watu. Wananicheka. Waache wacheke, kila mtu hukagua mali yake, na gari lile ni ng'ombe wangu.

Wala sisemi mafumbo. Kwetu Wasukuma binti akiolewa, ng'ombe wake hawauzwi ovyo. Wanakaa zizini wakimngoja ndugu yake wa kiume wa tumbo moja, naye aje aoe kwa hao hao. Nilipoolewa mimi, waliingia kwa baba ng'ombe weusi, wekundu, na mmoja wa madoadoa mwenye pembe iliyoangalia chini, na kila mtu alijua kuwa hao ni wa mdogo wangu. Mke atakayekuja angekuwa ameletwa na mimi, na angejua hivyo. Nilishaanza kumwazia huyo wifi, ananiletea maji ya kunawa hali amepiga magoti, na mimi najifanya sitaki.

Ndipo ikaja ile miaka ya mambo kufunguliwa. Wilaya yetu ya Bariadi wakati huo ilikuwa bado chini ya mkoa wa Shinyanga. Pamba, tuliyozoea kuipeleka kwenye chama cha ushirika tu, ikaanza kununuliwa na kila mwenye mizani na turubai. Madukani, ambako zamani ulikuta rafu tupu na mwenye duka anapiga miayo, kukajaa redio kaseti, saa za kung'aa na mafuta ya nywele ya kila rangi. Mdogo wangu, kijana wa maneno mengi na mwandiko mzuri, akapata ukarani kwa mnunuzi mmoja wa pamba kule Mwandoya. Akaja nyumbani na saa mkononi, akamwomba baba ruhusa ya kuwahamishia wale ng'ombe Mwandoya, eti kuna malisho mazuri zaidi. Baba akakubali.

Haukupita muda mrefu akarudi bila ng'ombe. Tulisikia mngurumo kwanza, halafu tukaona kitu chekundu kinakuja kwenye vumbi. Lilikuwa gari fupi, la milango miwili, limekaa chini hivi kwamba ukisimama karibu nalo unaliona paa lote kama meza. Taa za mbele hazikuonekana. Akibonyeza mahali, zinachomoza kama macho. Watoto wakaliita Chura siku hiyo hiyo. Alisema limetoka Japani likapitia Dubai, ni gari la mashindano. Kushindana na nani, mama wee, kwenye ile mbuga nyeusi ambayo mvua ikinyesha hata trekta linapiga magoti?

Mimi nilipiga kelele mpaka majirani wakaja. Baba hakupiga kelele. Alilizunguka mara moja, mikono nyuma, kama anavyomzunguka dume wa mnadani ambaye hataki kumnunua. Kisha akauliza, "Maziwa yanatokea wapi?" Hakuna aliyethubutu kucheka. Akasema, "Mimi sitaingia humo mpaka siku litakapozaa ndama." Akaenda zake zizini, na tangu siku hiyo hakumsemesha mwanawe. Akiwa na neno naye, alinituma mimi hata kama wamekaa jiko moja, akiniita mayu, yaani mama: "Mayu, mwambie mwenye gari asogeze kiti."

Kulikuwa na kidonda kingine chini ya hicho. Baba alikuwa ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma. Kwetu baada ya mavuno makundi mawili hucheza kwenye uwanja mmoja kwa wakati mmoja, hili upande huu, lile upande ule. Hakuna mwamuzi wala filimbi. Watu huamua kwa miguu yao: wakikuhama umeshindwa, wakikujia umeshinda. Baba alishinda miaka mingi, kwa ulimi mkali na sauti iliyovuka uwanja bila msaada wa kitu.

Halafu mwaka mmoja, katika ile miaka ya kufunguliwa, mfanyabiashara fulani akaja na jenereta na spika mbili kubwa kama makabati, akazisimamisha pembeni ya uwanja apate kuuza soda na bia. Akafungulia muziki wa dansi. Watu wakageuza shingo, kisha wakageuza miguu. Makundi yote mawili yakabaki yanatimua vumbi peke yake. Baba alimaliza wimbo wake mbele ya wazee watano na mbwa mmoja, akakaa chini, akavua njuga za miguuni moja baada ya nyingine. Nilikuwa nimesimama karibu naye. Hakuimba tena.

Sasa mtu wa namna hiyo unamuuzia ng'ombe wake, halafu unamletea gari lenye spika! Hata mimi niliyempenda mdogo wangu nilimwona mjinga wa kutupwa.

Spika zenyewe hazikumaliza msimu. Vumbi la Mwandoya liliingia, naye siku za soko la pamba alikuwa akifungua milango yote miwili na kukaza sauti mpaka mwisho. Karatasi za ndani zikachanika. Fundi redio wa Bariadi akazibandika kwa gundi na kipande cha soksi ya nailoni, zikapona siku mbili, zikaanza kukoroma. Mdogo wangu akasema anakwenda Mwanza kutafuta nyingine. Nikafunga kanga kiunoni nikasema twende wote. Kama ng'ombe wangu wanabadilishwa koo, lazima niwepo. Mume wangu alicheka mpaka akashika ukuta, akanipa ruhusa.

Tuliondoka asubuhi kwa njia ya Lamadi. Nilikaa mbele, magoti kidevuni, makalio nusu shibiri kutoka barabarani, kila jiwe nikilihisi. Karibu na Mkula tukasimamishwa na kundi la ng'ombe lililokuwa likivuka, na kwa jinsi tulivyokaa chini tuliona matumbo na viwele tu vikipita juu ya kioo. Mdogo wangu akatazama usukani. Nikamwambia, "Waangalie vizuri, ndugu za gari lako hao." Halafu nikaona nimezidisha, nikampa karanga.

Duka tulilolipata Mwanza lilikuwa la Mwislamu mmoja aliyetoka pwani, mwenye kofia ya kudariziwa na Kiswahili laini mno. Sisi Kiswahili chetu cha bara ni cha jembe, kinakwenda moja kwa moja. Alitusalimia kwa maneno mengi, akatoa spika jozi tatu, akamwita kijana wake azilaze nyuma ya kiti na kuziunga kwa nyaya kwenye redio ya gari, moja baada ya nyingine, tujaribu.

"Karibuni ndani," akasema. "Kaeni, fungeni milango, mstarehe. Spika husikilizwa hivyo."

Mdogo wangu akachomeka kaseti, akashuka. Mimi nikashuka. Tukafungua buti, tukavuka barabara, tukaenda hatua thelathini hivi, mpaka pale alipokuwa mama mmoja akikaanga mihogo. Hatukuwa tumepanga. Ndivyo ngoma inavyopimwa kwetu, kwa umbali wa mtu wa mwisho uwanjani. Ngoma haipimwi na anayeipiga.

Mwenye duka akaweka mikono kichwani. "Jamani! Mwaenda wapi? Spika za gari zachaguliwa toka ng'ambo ya barabara?"

"Endelea kufungulia," nikamwambia. "Tunasikia."

Nilitegemea dansi. Kilichotoka ni kikohozi, kisha mlio wa ngoma, kisha sauti ya baba. Nilimgeukia mdogo wangu. Akaangalia mihogo.

"Umeitoa wapi?"

"Kwa yule mwalimu aliyekuwa amepanga kwetu. Aliirekodi uwanjani, na kile kiredio chake, baba alipokuwa bado anaimba."

"Na ndiyo ulikuwa unafungulia kule Mwandoya?"

"Ndiyo iliyozipasua zile spika, dada. Nikifungulia, watu wanaacha mizani wanakuja. Vijana, wazee, wote. Wanauliza ningi huyu bado yupo. Nawaambia yupo."

"Mbona hukumwambia baba?"

"Hasemi na mimi. Nimwambie kupitia wewe, 'Mwambie mwenye ng'ombe watu wanampenda'?" Akafuta jasho. "Ng'ombe ni kosa langu. Na gari nililipenda, sikudanganyi, nililipenda hata kabla ya kaseti. Lakini nataka mzee ajue watu bado wanamtaka. Zile spika za yule mwuza bia zilimwondolea watu. Nataka hizi zimrudishie."

Nilikuwa nimekuja Mwanza na maneno makali ya kutosha safari ya kwenda na kurudi. Yote yakanikauka mdomoni. Nikajifanya nasikiliza spika.

Jozi ya kwanza ilikuwa na vikombe vya rangi ya fedha, inang'aa kama bakuli la harusi. Mdogo wangu aliipenda kwa macho tangu ilipotoka kwenye boksi. Akarudi ndani ya gari kuisikiliza, akatoka macho yamelegea, anasema ndani ni peponi. Lakini pale kwenye mihogo tulipata mvumo tu, dum, dum, kama mtu anatwanga nyumba ya tatu. Jozi ya pili ilikuwa na besi iliyotetemesha vioo vya duka, mwenye duka mwenyewe akajisifia, na sauti ya baba ikazama humo kama jiwe kwenye lambo.

Ya tatu ilikuwa nyeusi, ya umbo la yai, karatasi tupu, haina pambo. Mwenye duka alisema ni za zamani kidogo, amezitoa ili tu zitimie jozi tatu. Ndani ya gari zilipiga kelele za kukera, mdogo wangu akakimbia nje ameshika masikio. Lakini ng'ambo ya barabara maneno yalifika mazimamazima. Ulikuwa ule wimbo wa kuwacheka wapinzani, kwamba ngoma yao wameiwamba kwa ngozi ya mbuzi aliyekufa kwa kuhara, ndiyo maana inalia hivyo. Kila neno lilifika, hata pumzi kati ya neno na neno.

Yule mama wa mihogo akainua kichwa. Kumbe Msukuma mwenzetu. Akatoa mwiko kwenye mafuta, akacheka peke yake, akapiga hatua mbili kuelekea barabarani, mihogo inaungua nyuma yake. "Huyo ningi wa wapi?" akauliza.

Nikamwangalia mdogo wangu, naye akaniangalia. Miguu ilikuwa imeshaamua.

"Tunachukua hizi nyeusi," nikasema.

"Dada yangu," mwenye duka akalalama, "hizi zitawatia kichaa. Spika ni za kumstarehesha mwenye gari."

"Mwenye gari atavumilia," nikamjibu. Akatufungia, akitikisa kofia, nadhani mpaka leo anasimulia habari za Wasukuma wawili waliochagua spika kwa miguu.

Fundi redio wa Bariadi naye alitushangaa. Alitaka kuziweka nyuma ya viti, zitazame mbele, kwenye masikio ya abiria. Tukamwambia azigeuze, zitazame kwenye buti, ili buti likifunguliwa zielekee nje. Alituuliza mara tatu kama tuna akili timamu. Akazifunga tulivyotaka, na kweli, buti likifungwa, ndani ya gari hukusikia kitu zaidi ya mtu anayenung'unika chini ya blanketi.

Tulichagua asubuhi moja baada ya pamba kwisha shambani, majaruba ya mpunga yamekauka na unaweza kupitisha gari. Nyumbani kwetu kulikuwa mwendo wa kama saa moja kwa miguu kutoka Somanda. Mimi nilitangulia nikamkuta baba anafungua zizi. "Mwangaluka, baba." Akaitikia, akaniuliza hali za wajukuu, akaendelea kuondoa miti ya mlangoni. Mdogo wangu alikuwa amelipeleka gari mwisho wa majaruba, mbali, buti limeelekea kwetu. Tulikubaliana kwamba baba akikasirika, nipunge kanga, naye azime na aondoke, tusilizungumze tena jambo hilo maisha yetu yote.

Ngoma ikaanza. Baba akasimama, mti mkononi, uso ukamkunjamana. "Yamekuja mpaka huku sasa," akasema. Alidhani ni mwuza bia mwingine. Nikashika ncha ya kanga.

Kisha ikaja sauti. Ilivuka yale majaruba yote, ikatupita, ikaenda kugonga nyumba za majirani. Ng'ombe wakatoka wenyewe, hakuna aliyewaswaga. Baba akasikiliza mstari mmoja, wa pili.

"Huyo nani?" akaniuliza.

"Ni wewe, baba."

"Mimi sina sauti hiyo."

"Ni wewe. Siku ile ya mbuzi wa kuhara."

Nilielewa wakati huo jambo ambalo mimi na mdogo wangu hatukuwa tumelifikiria hata kidogo. Baba alikuwa ameimba miaka yote hiyo akiwa katikati, ngoma zikimpigia masikioni. Hakuwahi hata siku moja kusimama pale anaposimama mtu wa mwisho. Watu wote wa nchi ile walikuwa wameisikia ngoma yake isipokuwa yeye.

Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameegemea ule mti. Mahali fulani akatikisa kichwa, akasema, "Hapo mpiga ngoma aliwahi, nilimkanya." Mahali pengine akacheka kwa neno lake mwenyewe kama ni mara ya kwanza kulisikia. Majirani wakaanza kutoka. Walipita mbele yetu, mmoja mmoja, halafu makundi, wanawake na watoto mgongoni, wote wakielekea mwisho wa majaruba. Baba aliwatazama miguu, si nyuso. Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta, na mimi nililia waziwazi kwa kwikwi.

Kaseti ikafika mwisho wa upande. Baba akaweka chini ule mti, akaanza kutembea. Nikamfuata nyuma. Watu wakampisha njia. Mdogo wangu alikuwa amesimama kando ya buti, mikono imening'inia, kijana mzima wa saa na mwandiko mzuri kama mtoto anayengoja fimbo.

Baba hakumtazama kwanza. Alilizunguka gari, mikono nyuma, kama siku ile ya kwanza. Akaziinamia zile spika nyeusi, akazipapasa kwa kiganja, akalipapasa gari ubavuni kuanzia nyuma mpaka mbele. Akasimama mbele ya mwanawe.

"Limezaa," akasema.

Mdogo wangu akapiga magoti pale pale kwenye mabua ya mpunga. Baba akamshika bega akamwinua, akafungua mlango mwenyewe, akatafuta jinsi ya kuingia. Alijaribu kichwa kwanza, ikashindikana, akajaribu mguu, mwishowe akajirudisha nyumanyuma kama mtu anayekaa kwenye kigoda, akatumbukia ndani, magoti yakamfika kifuani. Mimi nikajibana nyuma na zile nyaya. Buti tuliliacha wazi. Mdogo wangu akageuza kaseti, akawasha moto, na baba, bila kupitia kwangu, akamwambia mwenyewe:

"Endesha taratibu, mwanangu. Ndama bado mchanga."